Ngiri Iliporudi, Lawama Iliangukia Mke



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu franga za likelemba na wengine wameanza kufunga vitenge vyao ili waende, mama mmoja alinivuta pembeni. Alisema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, bwana yangu walimpasua erni mwaka jana. Sasa imerudi. Kwao wanasema mimi ndiye niliyeirudisha.»

Siku ile nilimshika mkono tu, sikumjibu vizuri, maana watu walikuwa wengi. Leo ninamjibu katika jarida letu, na pamoja naye ninawajibu wengine ambao labda hawajathubutu kuuliza. Maneno aliyoambiwa, na mimi niliambiwa. Niliyabeba zaidi ya mwaka mzima kabla ya kujua kwamba si ya kweli.

Bwana yangu ni mtu wa Walikale. Mbele ya kunioa alikuwa mpagazi wa kasiterite. Wale wa kwao wanajua kazi ile: unatoka kwenye mgodi wa Bisie na mfuko wa kilo 50 mgongoni, unapita katika pori, matope na mito, mpaka unafika Njingala kwenye barabara. Safari moja ilikula siku nzima na zaidi. Mwaka 2010 serikali iliposimamisha uchimbaji katika Kivu na Maniema, alikuja Masisi kutafuta maisha, akaanza kusukuma chukudu, akibeba makala na viazi. Huku ndiko tulikojuana. Mimi nilikuwa nimetoka ISP na diploma yangu, ninafundisha shule ya msingi.

Tulipooana mwaka 2012 tayari alikuwa na uvimbe kwenye kinena, upande wa kuume. Alinificha. Akilala, unarudi ndani. Akisimama au akikohoa, unatoka. Alikuwa anakunja kitambaa na kukifunga kwa nguvu chini ya suruali. Wanaume wetu wana haya na ugonjwa huo kwa sababu ya fasi ulipo. Niliuona siku moja tu alipokuwa anaoga.

Mwaka 2017 alipasuliwa. Pale alipopasuliwa sitapataja. Kidonda kilipona, nyuzi zikatolewa. Lakini miezi ile nilikuwa sijalipwa, maana nilikuwa mmoja wa walimu wale tunaowaita NU, unafundisha kila siku na jina lako haliko kwenye listi ya mshahara. Juma la tatu baada ya operesheni nilimwambia: «Baba watoto, chumvi imeisha, na mwenye nyumba amekuja mara mbili.» Hakunijibu. Kesho yake asubuhi alichukua chukudu. Mwaka ulipopita, uvimbe ulikuwa umerudi mahali pale pale.

Mama mkwe alikuja kutoka Walikale. Alisema mbele ya jamaa kwamba mke mwenye subira angemwacha mume apone, hangekaribia kitanda chake mapema. Wengine walisema kuna mtu amemtupia kitu. Mimi nilinyamaza, kwa sababu moyoni nilijua kosa lingine: mimi ndiye niliyemtaja mwenye nyumba. Kila alipokohoa usiku na kushika kinena chake, nilijilaumu.

Halafu kulitokea jambo lililonitoa katika kunyamaza. Mkubwa wa bwana yangu, kule Walikale, naye alikuwa na ngiri. Tulimsihi apasuliwe. Alicheka, akasema: «Angalieni mdogo wangu. Walimpasua, imerudi. Ya nini nitoe feza yangu?» Miezi michache baadaye uvimbe wake ulitoka na kukataa kurudi. Ukawa mgumu kama jiwe, akaanza kutapika, tumbo likajaa. Walimbeba kwa kipoyi, mvua inanyesha, na alikufa njiani. Aliacha watoto sita. Neno lile, «inarudi tu», ndilo lililomuua. Ndiyo maana ninaandika.

Baada ya msiba nilimshika bwana yangu mkono, tukaenda kwa munganga mpasuaji kwenye hospitali kubwa. Alimpima amesimama, amelala, akamwambia akohoe. Halafu aliniuliza kazi yangu. Nikasema mimi ni mwalimu. «Vizuri,» akasema, «basi utaelewa upesi, na utawafundisha wengine.»

Alitueleza hivi. Tumbo letu limezungushiwa ukuta wa nyama unaoshika matumbo yasitoke. Kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo, ukuta huo una fasi dhaifu tangu kuumbwa. Mtoto mwanaume akiwa bado ndani ya mama yake, mapumbu yake yako juu ndani ya tumbo, kisha yanashuka kupitia njia ndogo iliyo pale. Njia hiyo inapaswa kujifunga. Isipojifunga, au ukuta ukichakaa kwa miaka mingi, utumbo au mafuta ya tumbo yanasukuma na kutokea hapo. Hiyo ndiyo ngiri ya kinena. Katika wanaume 100, karibu 27 wataipata wakati fulani wa maisha yao. Katika wanawake 100, ni kama 3. Basi si ugonjwa wa kutupiwa, ni ugonjwa wa wengi.

Nikamuuliza kwa nini imerudi. Naye akaniuliza: «Mama, suruali ya mtoto ikipasuka kwenye goti, unafanya nini?»

Nikasema ninatia kiraka.

«Na ukikamata pembe mbili za nguo iliyochakaa, uzivute, uzishone pamoja bila kiraka?»

Nikasema itapasuka tena, kando ya uzi.

«Umejijibu mwenyewe,» akasema.

Wamama, hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Njia ya zamani ya kutengeneza ngiri ni kuvuta nyama za pande mbili na kuzishona pamoja. Munganga Bassini wa Italia ndiye aliyeijulisha dunia njia hiyo katika miaka ya 1880, na ilisaidia watu wengi sana. Lakini nyama zinavutwa, na kila mtu akikohoa au akiinua mzigo, nyuzi zinakata polepole kama uzi unavyokata nguo kuukuu. Ikifanywa na mikono isiyozoea, katika watu 100 ngiri inaweza kurudi kwa 10 au zaidi. Kuna namna bora ya kushona, tabaka juu ya tabaka, inayoitwa Shouldice, kwa jina la munganga wa Toronto huko Kanada. Katika hospitali yake, wanaofanya kazi hiyo peke yake kila siku, ngiri inarudi kwa mtu kama 1 katika 100.

Njia ya tatu ni ya kiraka. Wanaweka wavu mwembamba wa plastiki juu ya fasi dhaifu, bila kuvuta nyama, na mwili wenyewe unaota ndani ya wavu na kuukamata. Kwa njia hii ngiri inarudi kwa watu wachache, chini ya 5 katika 100. Lakini wavu nao una masharti. Ukiwa mdogo mno, au usipofunika vizuri mpaka juu ya mfupa wa mbele wa nyonga, utumbo unatafuta ukingo wake na kupenya pale.

Sababu nyingine ni tundu lililosahauliwa. Mtu anaweza kuwa na ngiri mbili karibu karibu. Mpasuaji akifunga moja bila kutafuta nyingine, baada ya muda uvimbe unaonekana na watu wanasema imerudi, kumbe hii ilikuwapo tangu mwanzo. Hapo wamama tusikilize vizuri: sisi tunapata zaidi ya wanaume ngiri ile inayotoka chini kidogo, kwenye mkunjo wa paja. Ni ndogo, inajificha, na inakabwa upesi zaidi. Usikubali kuambiwa tu ni tezi bila kupimwa.

Tena kuna kidonda kinachooza. Usaha unalegeza nyuzi na kula nyama ambayo ingepaswa kuungana. Ndiyo maana kidonda kikiwa chekundu, cha moto, kinatoa maji mabaya, au homa ikipanda, unarudi kwa waganga siku ile ile, huweki dawa ya sokoni.

Halafu akamgeukia bwana yangu. «Baba, kikohozi hicho kimekuanza lini?» Mimi nilijibu kwa niaba yake: kabla hata ya operesheni ya kwanza. Tulikuwa tunasema ni vumbi, ni moshi, ni sigara. Munganga alitikisa kichwa. Alisema kila kikohozi ni ngumi inayopiga ukuta wa tumbo kutoka ndani, na mtu anayekohoa usiku kucha anaupiga mara mia kabla ya asubuhi. Mtu mwenye choo kigumu anayejikaza kila siku anafanya vile vile, na mzee ambaye mkojo wake hautoki bila kujikamua naye pia. Tena sigara inafanya mabaya mawili: inaleta kikohozi, na inazuia mwili kutengeneza nyama ngumu ya kovu. Na mtu asiyekula vizuri, kidonda chake hakina kitu cha kujengea.

Alikataa kumpasua siku ile. Alimtuma kwanza kupima makohozi. Majibu yalipokuja, ilikuwa kifua kikuu. Dawa zake ni za bure katika vituo vyetu vya afya. Alizimeza miezi sita bila kuruka hata siku moja, na mimi nilikuwa nikimhesabia vidonge kama ninavyohesabu madaftari ya wanafunzi. Sigara aliiacha kwa shida, akagombana na nyumba nzima. Sisi wengine tulipimwa pia. Alipopona kifua ndipo alipopasuliwa mara ya pili, akawekewa wavu. Munganga alituambia wazi kwamba operesheni ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu anapita katika kovu, na kwamba hata kazi nzuri inaweza kurudi kwa wachache. Tulikubali. Ilikuwa mwaka 2020. Mpaka leo haijarudi.

Kabla hatujatoka kwake nilimwambia lile lililokuwa likinila. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemrudisha kwenye chukudu juma la tatu, na kwamba jamaa wanasema ni kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema mizigo mizito mapema haikusaidia, lakini ukuta ulioshonwa kwa kuvutwa, na kikohozi cha miaka, vingeirudisha hata kama angekaa kitini miezi mitatu. Na kitanda je? Alisema bwana na mke kukutana maumivu yakiisha hakurudishi ngiri. Bwana yangu alisikia maneno hayo kwa masikio yake. Tulipofika nyumbani, yeye mwenyewe aliwaita jamaa na kuwarudilia. Mama mkwe hakuomba msamaha, lakini jioni ile alinisaidia kuosha maharagwe, na mimi nilielewa.

Sasa niwaambie tunachoweza kufanya sisi wenyewe, maana kujua bila kutenda hakupunguzi kitu.

Kabla ya operesheni, muulize munganga bila woga: Je, utashona tu au utaweka wavu? Umezoea kazi hii? Je, umetafuta tundu la pili? Je, kikohozi hiki, choo hiki, mkojo huu, havipaswi kutibiwa kwanza? Munganga mzuri hakasirikii maswali. Mtu aliyekohoa zaidi ya majuma mawili apimwe makohozi mbele ya kisu. Anayevuta sigara aiache mapema. Chakula kiwe na maharagwe, sombe, mapapai na maji ya kutosha, ili bugali lisifunge choo.

Kuhusu wavu, wengi wanaogopa bei. Na hapo kuna habari njema kutoka kwa jirani. Mashariki ya Uganda, waganga wa Uganda na wa Sweden walijaribu kutumia wavu wa kitambaa cha chandarua kilichokatwa na kusafishwa kwa mashini za hospitali. Waliwapasua wanaume 302, nusu kwa wavu huo wa bei ndogo, nusu kwa wavu wa kiwandani wa bei kubwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu kati ya wote waliowekewa wavu wa bei ndogo, na hakuna hata mmoja kwa wale wengine. Tofauti ni ndogo sana. Lakini tafadhali, msipeleke chandarua cha kitandani hospitali mkisema mwalimu ameandika! Kile cha nyumbani kina dawa na uchafu, kibaki kuzuia mbu.

Baada ya operesheni, mgonjwa asilale kitandani mwezi mzima. Atembee polepole tangu siku za kwanza, aoge akiruhusiwa, afanye kazi ndogo za mikono. Mizigo mizito ndiyo ya kungoja, majuma manne mpaka sita, kadiri munganga alivyosema. Kumbukeni kwamba bido ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20, na mfuko wa makala unaipita. Akikohoa, akamate kidonda kwa kiganja. Na msishtuke siku za kwanza mkiona uvimbe au ugumu kwenye kovu: mara nyingi ni maji na kupona kwenyewe, unakwisha baada ya majuma. Munganga ndiye atakayetofautisha na ngiri iliyorudi.

Kwa watoto wetu: mtoto mwanaume akilia na uvimbe ukatoka kwenye kinena, msingoje akue. Kwa mtoto njia ilikosa tu kujifunga. Mpasuaji anaifunga bila wavu, na ni mara chache sana irudi. Kungoja ndiko kubaya, kwa sababu kwa watoto wachanga utumbo unakabwa upesi.

Na kwa wote, ngiri mpya au iliyorudi: uvimbe ukikataa kuingia, ukawa mgumu na wenye maumivu, mtu akaanza kutapika, hewa na choo vikakataa kutoka, hiyo si ya kungoja asubuhi. Msiusukume kwa nguvu, msiukande kwa maji ya moto, msimpe dawa ya kuharisha. Tafuteni pikipiki au kipoyi saa ile ile. Utumbo uliokabwa unakufa kwa masaa.

Mwisho nina ombi kwa vikundi vyetu. Katika sanduku la mshikamano tunatoa franga kwa kilio na kwa mama aliyezaa. Ni vizuri. Ninaomba tuongeze jambo la tatu: majuma ya kupumzika ya mtu aliyepasuliwa. Mwaka 2017 wanawake wenzangu wangenipa unga, chumvi na nusu ya pango la mwezi mmoja, nisingemtaja mwenye nyumba mbele ya mtu mwenye kidonda. Tunachangia jeneza, kwa nini tusichangie kupona? Nitalileta jambo hili kwenye mkutano wetu, na ninaomba kila kikundi kilijadili kwake.

Na wewe mama uliyenivuta pembeni: hukuirudisha wewe. Mpeleke bwana yako akapimwe, muulizeni munganga maswali yale, na kikohozi chake kisisahauliwe. Ukiogopa kwenda peke yako, nipigie hodi Jumamosi. Nitakusindikiza.

Mwalimu wenu, Masisi